Barua ya wazi: pimeni Mvar mlizonazo kabla ya kununua nyingine

Kwa wakuu wa mashirika ya kusafirisha umeme, mamlaka zinazosimamia nishati, na kamati zinazogawa fedha za utafiti

YAH: FEDHA ZA UTAFITI WA UTHABITI WA GRIDI NA UDHIBITI WA VOLTEJI

Waheshimiwa,

Kila mpango wa gridi unaofika mezani kwenu una jedwali la aina moja. Limeorodhesha jenereta, kapasita, riakta na mitambo ya inveta (ile ya jua na upepo inayoingiza umeme kwenye gridi kupitia vifaa vya kielektroniki), na mbele ya kila kimoja kuna idadi ya Mvar, kipimo cha nguvu riaktivu tutakayoieleza hapa chini, kinazoweza kutoa au kufyonza. Chini kuna jumla. Jumla ikizidi mahitaji, mpango unapita. Tunawaomba msiliamini jedwali hilo mpaka vilivyomo vimepimwa kimoja kimoja, na fungu la kwanza la fedha za utafiti liende kwenye kazi hiyo, kabla ya kununua vifaa vipya na kabla ya kulipia programu nyingine ya kuigiza gridi kwa takwimu zilezile ambazo hakuna aliyezihakiki.

Hatupingi ununuzi. Jenereta kubwa za mvuke zinazimwa, mitambo ya jua na upepo inaongezeka, na vifaa vya kushikilia volteji vitahitajika kwa wingi. Tunachokataa ni kununua gizani.

Kwa wasio wahandisi miongoni mwenu: nguvu riaktivu ni ile sehemu ya umeme inayokwenda na kurudi kati ya vifaa bila kuwasha taa wala kuzungusha kinu, lakini bila hiyo sumaku ndani ya mota na transfoma haijengeki, na volteji haisimami. Hupimwa kwa Mvar. Tofauti yake kubwa na nguvu halisi, ile ya MW, ni kwamba haisafiri mbali. Hapo ndipo jumla ya jedwali lenu inapopoteza maana.

Chukueni njia ya msongo wa kilovolti 400 yenye urefu wa kilomita 200. Riaktansi yake, yaani ukinzani wa kisumaku dhidi ya mkondo unaobadilika, ni takribani omu 0.3 kwa kilomita, yaani omu 60 kwa njia nzima. Njia hiyohiyo, kwa kuwa nyaya zake na ardhi iliyo chini yake ni kapasita moja ndefu, huzalisha yenyewe kama Mvar 130. Ikibeba ampea 400 inakula Mvar 29 tu. Zinabaki 100 na ushei ambazo zinaisukuma volteji juu. Ikibeba ampea 1,000 inakula Mvar 180: zile 130 zimekwisha na bado inadai 50 kutoka kwenye ncha zake. Sasa njia jirani ikatike, mkondo upande hadi ampea 1,400. Ulaji unafika Mvar 353. Mkondo umeongezeka kwa asilimia 40, ulaji umekaribia mara mbili. Mvar 200 zilizoko upande wa pili wa njia hiyo zinaliwa njiani kabla hazijamfikia aliyezihitaji, ingawa kwenye jedwali zimehesabiwa kama zake.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni ngapi zinapatikana kwenye kituo hiki cha kupoza umeme, saa hii, baada ya njia hii kukatika. Hilo halijibiwi na jumla ya nchi nzima.

Kapasita nazo zina udhaifu wao, na kila mwanafunzi wa umeme anaujua, lakini kwenye mipango hausomeki. Zinachotoa hufuata mraba wa volteji. Benki tano za Mvar 20 zinaandikwa 100. Volteji ikishuka hadi asilimia 90 zinatoa 81. Ikishuka hadi 85 zinatoa 72. Zinawakimbia pale mnapozihitaji zaidi. Julai 23, 1987, siku ya joto kali, mahitaji ya Tokyo yalipanda baada ya saa ya chakula cha mchana kwa kasi ya takribani MW 400 kwa dakika. Kapasita zilizokuwepo ziliunganishwa, na volteji ikaendelea kushuka, kwa sababu viyoyozi vya kisasa, volteji ikipungua, huvuta mkondo zaidi ili kupata nguvu ileile. Zaidi ya MW 8,000 zilikatika. Kabla ya hapo hakukuwa na hitilafu yoyote kwenye njia wala jenereta iliyoharibika. Gridi ilikuwa nzima.

Kuporomoka kwa aina hii huja polepole, na upole wake ndio unaodanganya. Njia inakatika, volteji ya upande wa msongo mkubwa inashuka kwa asilimia 6. Upande wa wateja nao unashuka, mahitaji yanapungua kidogo, mambo yanatulia. Anayetazama rekodi ya sekunde 20 za kwanza atasema tumepona. Kati ya sekunde ya 30 na ya 60, swichi za tapu (zinazobadilisha uwiano wa mizunguko ya waya) kwenye transfoma za usambazaji zinaanza kazi waliyozituma mafundi: kurudisha volteji ya wateja mahali pake, hatua kwa hatua, kila hatua kama asilimia 1.25. Volteji ya wateja inaporudi, mahitaji yanarudi nayo. Mkondo kwenye njia zilizobaki unapanda, ulaji wa Mvar unapanda kwa mraba wa mkondo, volteji ya msongo mkubwa inashuka tena, na swichi za tapu zinaongeza hatua nyingine. Wakati huohuo jenereta za karibu zinatoa Mvar kupita kiwango cha kudumu cha rota zao, sehemu ya jenereta inayozunguka. Kikomo cha mkondo wa rota huvumilia hilo kwa sekunde kumi kadhaa, pengine dakika moja au mbili, kisha huurudisha mkondo chini ili rota isiungue. Jenereta ya kwanza ikifika kwenye kikomo chake, mzigo wake unahamia kwa ya pili, nayo inafika haraka zaidi. Kuanzia hapo waongozaji wa gridi hawana muda wa kupigiana simu.

Kila namba katika mlolongo huo ni mpangilio uliowekwa na mtu kwenye kifaa fulani: sekunde za kusubiri za swichi ya tapu, muda wa kikomo cha rota, volteji ambayo rilei (kifaa cha kinga) ya kukata mahitaji inaamka. Hakuna hata moja inayohitaji nadharia mpya. Tatizo ni kwamba kwenye modeli nyingi namba hizo ni za kubuni, au ni zile za kiwandani, na mtu aliyeenda kusoma rilei yenyewe hayupo.

Tukija kwenye jenereta, tueleze kwa kina kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapookolewa. Jenereta ya MW 100 iliyoundwa kwa uwiano wa nguvu wa 0.85 (sehemu ya uwezo wake iliyo nguvu halisi) ina uwezo wa MVA 117.6, nguvu halisi na riaktivu zikiwa pamoja, na mchoro wa mtengenezaji unasema itatoa Mvar 62 ikiwa imejaa. Hizo 62 ndizo zinazoandikwa. Lakini transfoma yake ya kupandisha msongo, ikiwa na riaktansi ya asilimia 12, inakula kama Mvar 14 ikibeba mzigo kamili. Zinazofika kwenye gridi ni 48. Hiyo ni hasara ya kawaida, isiyoepukika. Inayouma ni inayofuata: transfoma hiyo ina tapu isiyobadilishwa ikiwa na mzigo, na mara nyingi iko palepale ilipoachwa siku mtambo ulipozinduliwa, wakati gridi ilikuwa na sura nyingine. Tapu ikiwa pasipofaa, jenereta inafika asilimia 105 ya volteji ya vichwa vyake (ncha zinakotokea umeme) kabla haijatoa hata Mvar 40, na kidhibiti volteji kinasimama hapo. Uwezo wa rota upo na shaba ipo, ila njia ya kutokea imezibwa. Dawa yake ni kuzima mtambo kwa muda, kuhamisha tapu, kupima na kuwasha. Mkinunua kapasita za Mvar 20 kwa ajili ya pengo hilo, mmelipia kitu mlichokuwa nacho.

Wakati mwingine kikwazo ni baa, yaani upao wa kugawia umeme, wa matumizi ya ndani ya kituo: volteji ikipandishwa, pampu na feni za mtambo wenyewe zinatoka nje ya mipaka yao, na mwendeshaji anairudisha chini bila kumwambia mtu. Wakati mwingine kidhibiti kimewekwa kwenye hali ya mkono kwa sababu kiliwahi kusumbua, kikaachwa hivyo. Wakati mwingine kikomo cha mkondo wa rota na rilei ya kinga ya rota vimepangwa bila kupatana, rilei inaamka kwanza, na badala ya kupunguza Mvar mtambo wote unaondoka. Agosti 14, 2003, siku ambayo watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walipoteza umeme, jenereta namba 5 ya kituo cha Eastlake, Ohio, ilijitoa saa 7 na dakika 31 mchana ilipokuwa inasukumwa iongeze Mvar kupita uwezo wake. Kutoka kwake peke yake hakukuleta giza. Kulikula akiba ya eneo ambalo tayari lilikuwa na akiba ndogo, kabla njia za kilovolti 345 hazijaanza kulegea na kugusa miti.

Upimaji wake haustahili kuitwa mradi mkubwa. Mnapatana na chumba cha udhibiti, mnapanga jenereta nyingine za kituo hicho au za jirani zifyonze kile kinachoongezwa ili volteji ya eneo isipande. Mtambo unaendeshwa kwa MW kamili, kisha volteji inayotakiwa inapandishwa taratibu, nusu asilimia kwa hatua, mkisubiri itulie kila mara. Kikomo cha kwanza kinachokutana nanyi kinaandikwa jina: rota, stata (sehemu isiyozunguka), volteji ya vichwa, baa ya ndani, au woga wa mwendeshaji, ambao nao ni kikomo. Kiwango hicho kinashikiliwa kwa saa nzima, kwa sababu joto la rota halitulii kwa dakika kumi. Halafu upande wa pili, wa kufyonza, ambako mipaka ni mingine: joto la ncha za kiini cha stata na hatari ya jenereta kuteleza kutoka kwenye mwendo wa gridi. Upande huu mitambo mingi haijawahi kupelekwa tangu izinduliwe. Mwisho, volteji inayotakiwa inabadilishwa ghafla kwa asilimia 2 na jibu la mashine linarekodiwa kwa walau sekunde 10, ili modeli ya kidhibiti ilinganishwe na kitu halisi. Nyakati zote andikeni Mvar za pande zote mbili za transfoma, si upande mmoja.

Kuna jambo la kiutawala ambalo likisahaulika litaharibu kazi yote. Mmiliki anayejua kwamba namba ikishuka atatozwa faini, atahakikisha namba haishuki. Duru ya kwanza ya vipimo iwe na msamaha: atakayetoa namba ya kweli, hata ikiwa nusu ya iliyo kwenye mkataba, asiadhibiwe, apewe muda wa kurekebisha. Adhabu ziwekwe kwa atakayekataa kupimwa.

Mpaka sasa tumezungumzia volteji inayoshuka. Aprili 28, 2025, saa 6 na dakika 33 mchana, Uhispania bara na Ureno zilizimika kwa volteji iliyopanda. Nusu saa kabla ya hapo kulikuwa na mitikisiko kwenye gridi. Hatua zilizochukuliwa kuituliza, miongoni mwake kuunganisha njia zaidi na kupunguza umeme uliokuwa unapelekwa nchi jirani, zilifanikiwa kutuliza lakini ziliacha njia zikiwa na mzigo mwepesi, na njia nyepesi, kama hesabu ya juu inavyoonyesha, ni mzalishaji wa Mvar. Volteji ikapanda, mitambo ikaanza kujitoa kwa kinga ya volteji kubwa, na kila uliojitoa uliondoka na Mvar ulizokuwa unafyonza, volteji ikazidi kupanda. Haikuchukua muda mrefu.

Tunataka mtazame kipengele kimoja cha tukio lile. Mitambo mingi ya jua na upepo kule ilikuwa inaendeshwa kwa uwiano wa nguvu usiobadilika, kwa mujibu wa kanuni zilizokuwepo. Inveta zenyewe zilikuwa na uwezo wa kudhibiti volteji. Hazikutakiwa kufanya hivyo. Ubaya wa utaratibu huu unaonekana kwa hesabu nyepesi. Mtambo wa MW 200 unaofyonza kwa uwiano wa 0.98 unachukua Mvar 41. Ukipunguza uzalishaji hadi MW 100, labda kwa sababu ya bei, unachukua 20 tu. Gridi imebaki na Mvar 20 za ziada saa ileile ambayo njia nazo zimekuwa nyepesi. Zidisheni kwa mitambo 30 inayofuata bei moja kwa dakika moja. Kubadilisha utaratibu huo ili inveta zifuate volteji ni kazi ya mipangilio, mawasiliano na kanuni, na malipo kwa huduma hiyo. Inveta nyingi zinaweza kutoa au kufyonza Mvar hata usiku bila jua, zikilipwa gharama ya umeme kidogo zinaotumia na zikiruhusiwa na kanuni. Kiwango cha 2800 cha IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, cha mwaka 2022 kinataka mtambo wa inveta uwe na walau asilimia 32.87 ya uwezo wake kwa Mvar, pande zote mbili. Kama kanuni zenu zimeandikwa kabla ya hapo, zifungueni tena.

Inveta zina siri moja kubwa kuliko jenereta: tabia yake iko kwenye programu, na programu haionekani kwa macho. Septemba 28, 2016, dhoruba iliangusha njia za umeme Australia Kusini na kusababisha mishuko sita ya volteji ndani ya muda wa kama dakika mbili. Mitambo kadhaa ya upepo ilikuwa na mpangilio unaohesabu mishuko. Ikizidi idadi fulani ndani ya muda fulani, mtambo unapunguza nguvu au kujitoa. MW 456 ziliondoka, njia ya kuunganisha na jimbo jirani ikazidiwa, jimbo zima likazimika. Waendeshaji wa soko la umeme hawakuwa na habari ya mpangilio huo. Haukuwa kwenye modeli walizopewa. Mashine zilifanya hasa zilivyopangwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gridi hupotea vivyo hivyo.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 9, 2019, radi ilipiga njia ya umeme Uingereza na mtambo wa upepo wa baharini wa Hornsea ukashuka kutoka MW 799 hadi 62 kwa dakika isiyotimia. Volteji haikuwa imeshuka kiasi cha kumfukuza mtu. Kidhibiti cha Mvar cha mtambo ule hakikuwa na utulivu wa kutosha dhidi ya mtikisiko wa frikwensi ya chini kwenye gridi iliyokuwa dhaifu pale ulipounganishwa. Wateja wapatao milioni 1.1 walikatiwa, kwa kuwa mtambo mwingine nao ulijitoa kwa wakati uleule.

Udhaifu huo wa gridi una kipimo, nacho kinabadilika saa kwa saa. Kwenye baa yenye uwezo wa MVA 1,000 za mkondo wa hitilafu, kuwasha benki ya kapasita ya Mvar 50 kunapandisha volteji kwa asilimia 5. Zimeni jenereta mbili za jirani, uwezo ushuke hadi MVA 600, na benki ileile inapandisha asilimia 8. Kilichokuwa msaada kimekuwa teke. Mtambo wa inveta wa MW 200 kwenye baa ya kwanza una uwiano wa 5 (MVA 1,000 kwa MW 200), na hauna shida. Kwenye ya pili una 3, na chini ya hapo vidhibiti vya kawaida vinavyofuata mwendo wa gridi vinaanza kuyumba, vikigombana vyenyewe kwa vyenyewe. Wataalamu wa IEEE walipopanga aina za uthabiti mwaka 2004 waliweka tatu: wa pembe ya rota, wa frikwensi na wa volteji. Walipoirudia kazi hiyo mwaka 2020 waliongeza mbili, za mwangwi wa umeme na za vidhibiti vya inveta. Kama mafungu yenu ya utafiti bado yanafuata orodha ya kwanza, yamepitwa.

Kwa hiyo daftari tunaloliomba lina mambo haya kwa kila mtambo wa inveta: toleo la programu lililomo leo, mipangilio yote ya kinga ya volteji na frikwensi ikiwa na muda wake, idadi ya mishuko unayovumilia, hali ya udhibiti inayotumika, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha kutoka mbali. Modeli ya kina iliyokabidhiwa iwe imetengenezwa kutokana na programu ileile iliyo kwenye kidhibiti, iwe na kinga zote ndani yake, na iweze kuendeshwa na watu wengine pamoja na modeli za mitambo ya jirani. Watengenezaji watasema hiyo ni siri ya biashara. Modeli inaweza kufungwa isisomeke ndani na bado ikafanya kazi. Siri inabaki siri. Programu ikibadilishwa, modeli nayo ibadilishwe na majaribio yarudiwe, vinginevyo mtambo urudi kwenye toleo la zamani. Andikeni hilo kwenye mkataba wa kuunganishwa, kwa sababu baada ya mtambo kuwashwa hamtalipata tena.

Mahitaji ya wateja ndiyo sehemu isiyojulikana kuliko zote, na kipimo chake ni rahisi kwa aibu. Kwenye kituo chenye transfoma mbili sambamba, shusheni tapu zote hatua mbili, volteji ishuke kwa asilimia 2.5, na mrekodi MW na Mvar kwa dakika tano. Kama MW zimeshuka kwa asilimia 2.5, mahitaji hayo yanakwenda sambamba na volteji. Kama zimeshuka kwa nusu asilimia tu, eneo hilo lina mota na vifaa vya kielektroniki vingi, na ndilo litakalowaangusha. Tazameni pia baada ya dakika tano yamerudi kiasi gani. Rudieni majira ya joto na ya baridi, mchana na usiku. Hilo halina gharama zaidi ya mishahara ya waliopo zamu.

Halafu kumbukumbu. Rekoda za hitilafu zipo kwenye vituo vyenu vingi, lakini tunazozipata, tukizipata, zina saa zisizolingana, zimeanza kurekodi wakati tukio limeshaanza, na zimekoma baada ya sekunde mbili. Kwa kazi ya volteji, rekodi ya sekunde mbili haitoshi. Ule mlolongo wa swichi za tapu tulioueleza unachukua dakika kadhaa. Vipima-fezi, vifaa vya kupima volteji na pembe yake, vinavyotuma vipimo 50 kwa sekunde, vyote vikisoma saa ya setilaiti, viwekwe kwanza kwenye baa za mitambo ya inveta na kwenye ncha dhaifu za gridi, si makao makuu ambako mambo ni shwari siku zote. Na data ifunguliwe. Siku 90 baada ya tukio, rekodi zitolewe kwa vyuo na watafiti, majina ya wateja na maeneo nyeti yakiwa yameondolewa. Kuna tasnifu nyingi zilizoandikwa kwa kutumia gridi ya mfano ya baa 39, ambayo ni nzuri kwa kufundishia na haina transfoma yenu hata moja.

Baada ya vipimo, ununuzi unakuwa mazungumzo mafupi. Panapokosekana Mvar za kudumu tu, kapasita na riakta za kuwashwa kwa sakiti breka ndizo nafuu. Panapohitajika jibu la ndani ya sekunde, chagueni STATCOM (inayotoa Mvar kwa inveta) badala ya SVC (inayotoa Mvar kwa kapasita na riakta zinazodhibitiwa kielektroniki) kama volteji hushuka sana: kwenye asilimia 70 ya volteji, SVC iliyofika mwisho wake inabaki na asilimia 49 ya Mvar zake, STATCOM inabaki na 70. Panapokosekana uwezo wa mkondo wa hitilafu, hata STATCOM haisaidii sana. Panahitaji kondensa ya sinkroni, yaani jenereta isiyo na turbini, au inveta zinazojenga volteji zenyewe badala ya kuifuata. Australia Kusini waliweka kondensa nne zenye gurudumu zito la kuhifadhi mwendo, zikaanza kazi mwaka 2021.

Nanyi kabla ya kuagiza mpya, tazameni mlichokusudia kuuza chuma chakavu. Ujerumani waliigeuza jenereta ya kituo cha nyuklia cha Biblis A kuwa kondensa mwaka 2012. Kazi yenyewe ni kutenganisha shafti na turbini, kuweka beringi ya kuzuia shafti isisogee kwa kufuata urefu wake, kupata njia ya kuiwasha kwa kuwa mvuke haupo tena, kwa mota ndogo au kibadili-frikwensi, na kukagua upozaji na mafuta ya beringi, ambavyo vilikuwa vinategemea mifumo ya kituo kilichofungwa. Mitambo ya maji ina bahati zaidi: mingi inaweza kuzunguka bila maji, hewa ya kompresa ikisukuma maji chini ya gurudumu la turbini, ikatumia asilimia chache tu ya nguvu yake na kutoa Mvar siku nzima. Ulizeni ni mingapi kwenu ina vifaa hivyo na kompresa yake bado inafanya kazi. Jibu huwa halimo kwenye jedwali.

Tunachoomba kwenye bajeti ijayo ni fungu la upimaji lenye ratiba ya miaka mitatu, likianzia kwenye vituo vya kanda ambako volteji hutoka nje ya mipaka mara nyingi zaidi. Kanuni ya daftari la mipangilio yenye tarehe ya kuanza na adhabu kwa asiyewasilisha. Na ahadi ya maandishi ya kutoa rekodi za matukio. Rasimu ya fomu za vipimo, ya jenereta, ya inveta na ya mahitaji, tuko tayari kuiandaa bila malipo na kuikabidhi kwa kamati yenu ya ufundi. Tunaomba kamati hiyo itutajie kituo kimoja cha kuanzia, na siku ambayo mtambo wake utaruhusiwa kupimwa kwa saa nne.

Ni sisi,
wahandisi na watafiti wa mifumo ya umeme